Sayyida Salme na Sinia Aliloliacha Mtoni

Na Mwandishi Wetu, ELDORET

Mgeni atokaye pwani akapanda Eldoret kwa mara ya kwanza hukutana na mambo mawili ambayo hakuonywa: baridi ya alfajiri na chungu kigumu kuiva. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka yangali na joto la digrii 93 hivi, si 100 kama kwetu Mombasa. Maharage hukaa motoni mpaka mpishi akakata tamaa, na mchele wa pilau, ukipikwa kwa kipimo cha pwani, hubaki na kiini.

Mpwa wangu aliyeolewa huku alilijua hilo kwa machozi. Pilau yake ya kwanza wageni wa mumewe waliila kwa adabu tu. Sasa ameshazoea; huongeza maji, hufunika kwa kifuniko kizito na kupalia makaa juu yake, kisha huwa na subira. Ijumaa niliyofika kwake, tuliporudi msikitini, alitandika mkeka akaleta sinia. Palikuwa na pilau, na kando yake chapati za unga wa ngano, zao la uwanda huu. Palikuwa na maziwa ya mursik aliyopewa na jirani yake Mnandi, yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Palikuwa na anjera za jirani mwingine Msomali, mboga ya managu, na achari ya embe kutoka duka la Mhindi. Nilimsifu sana. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba mimi mjomba wake nisihofu, kula anakula, ila hajashiba tangu siku aliyoteremka kwenye basi.

Maneno hayo yalinikaa moyoni, yakanikumbusha bibi mmoja wa Unguja ambaye alikula katika nchi nyingi kuliko yeyote wa zama zake, na nadhani naye hakushiba tena. Bibi huyo ni Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete. Wengi wetu tumesikia habari ya kutoroka kwake na Mjerumani, na hapo ndipo masimulizi ya barazani hukomea. Leo napenda, msomaji mpenzi, tuyatazame maisha yake kwa upande wa jikoni.

JIKO LA MATAIFA

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika nyumba ya kifalme ya Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, yule aliyesimamia kupandwa kwa mikarafuu mpaka kisiwa kikanukia. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyenyakuliwa angali mtoto kutoka nchi za milima ya Kaukazi na kuuzwa.

Nyumba ya Mtoni ilikuwa mji kamili. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, waliokaa humo walifika kiasi cha watu elfu moja, pamoja na watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Mbele ya bwana lugha ilikuwa Kiarabu, lakini akigeuka kisogo ungesikia Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Na kama zilivyokuwa ndimi ndivyo vilivyokuwa vyungu. Kwa kuwa wakazi walitoka mataifa mbalimbali, jiko la Mtoni lilipika Kiarabu, likapika Kiajemi, likapika Kituruki, na watu wa nyumba walioleta ladha za makwao hawakuzisahau.

Katika kitabu cha kumbukumbu zake Salme ameeleza jiko hilo kwa jicho la mtoto aliyezoea kuchungulia. Wanyama walichinjwa na kuchunwa papo hapo, samaki wakubwa waliingia mabegani mwa watu, wapishi wakuu walipiga kelele na kugawa makofi kwa waliozembea. Matunda yaliletwa kila siku kutoka mashambani kwa vikapu, yakabwagwa chini bila huruma, mengi yakapondeka kabla ya kufika kinywani.

Asubuhi, Sayyid Said alikula pamoja na watoto wake. Sufra ilikuwa meza ndefu ya mbao, fupi mno kwa kimo, na watu waliketi juu ya mazulia kuizunguka, bwana akiwa mwanzo wa meza. Vyakula vyote viliwekwa kabla watu hawajakaa: wali wa namna nyingi, nyama ya kondoo, kuku, samaki, mikate na vitamu. Baba alitaja jina la Mungu, mikono ya kulia ikanyoshwa, watu wakala bila maneno mengi, na mwisho Mungu akashukuriwa. Kahawa ilifuata baadaye. Sayyid alipenda kukaa katika kibaraza cha duara kilichokabili bahari, akiziangalia merikebu zake.

Lakini tazama nani hakuwapo. Masuria, ambao ndio mama wa hao watoto, hawakuruhusiwa kuketi katika sufra ya bwana. Jilfidan alimzaa Salme, akamlea, wala hakuonja tonge moja pamoja naye mbele ya baba yake. Mtoto alijifunza mapema kwamba sinia humkaribisha mtu, na sinia hilo hilo huweza kumfukuza.

MAJINA YALIYOBAKI MWIKONI

Si vigumu kuliona jiko la Mtoni hata leo, kwani limebaki katika vinywa vyetu. Pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Kiajemi, na sambusa vile vile. Mdalasini nao ni neno la Kiajemi lililotuzunguka, na maana yake ya kale ni mti wa Kichina. Halua ni ya Waarabu, na harisa, ambayo sisi twaiita bokoboko, ilikuja pamoja nao. Chapati na achari tumezipokea kutoka Bara Hindi. Sinia, sahani na sufuria ni maneno ya Kiarabu.

Kisha tazama vyombo vya kuchosha mkono. Kinu, mchi, mwiko, ungo, kifumbu cha kuchujia tui, na ile mbuzi ya kukunia nazi: hayo yote ni maneno ya Kibantu, ya wenyeji wa mrima na visiwa na ya waliotolewa bara. Kwa maneno mengine, chakula kilikuja na jina lake kutoka ng'ambo, lakini aliyetwanga, aliyekuna na aliyesonga alikuwa mtu wa hapa, na mara nyingi hakuwa na hiari. Asiyelitaja hilo anasifia pilau na kumsahau mpishi.

Salme mwenyewe alimsahau mara nyingi. Katika kitabu chake aliutetea utumwa na kuandika juu ya watu weusi maneno ya kuvunja moyo. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha mji wa Hamburg kilipewa jina lake, na haukupita muda jina likaondolewa kwa sababu ya maandishi hayo. Habari hii haifai kufichwa. Mtu aliyedhulumiwa huweza naye kuwa amelelewa na dhuluma, akaila kama wali bila ya kuonja uchungu wake.

KALAMU YA SIRI

Alipofika miaka saba Salme alihama Mtoni na mama yake, wakaenda kuishi mjini kwa kaka yake Majid, na baadaye katika nyumba nyingine ya kifalme. Majid alimfundisha kupanda farasi. Chuoni alifundishwa kusoma Kurani, kama tulivyofundishwa sote, lakini kuandika hakukuwa kwa watoto wa kike. Akajifundisha mwenyewe kwa siri, akiigiza herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sisi tuliokalia jamvi la chuo na ubao mkononi tunajua uzito wa jambo hilo. Mwalimu alikuwa na fimbo kwa asiyeandika, na yeye angepata fimbo kwa kuandika.

Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza, na ndiyo iliyomhifadhi. Sayyid Said alifariki mwaka 1856 akiwa baharini, njiani kutoka Omani. Salme, mwenye miaka 12, akahesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake wa fedha na shamba. Mwaka 1859 mama yake akafa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo ndugu zake wawili, Majid aliyekuwa mtawala na Barghash aliyeutaka utawala, waligombana. Salme akaingia upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika akawa karani wa njama hiyo angali na miaka 15. Njama ilishindwa kwa nguvu za Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, naye Salme akajitenga mashambani, Kisimbani na Bububu.

Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana na mmoja akachukiwa na wa pili. Barghash hakulisahau kamwe. Msomaji aliweke akilini jambo hilo.

USIKU WA AGOSTI

Aliporudi mjini, jirani yake alikuwa kijana mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Madirisha yalitazamana, na urafiki ukapita mipaka ambayo dini na mila zimeiweka. Salme akawa mja mzito. Tarehe 24 Agosti, 1866, akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer na kutoroka hadi Aden.

Aden alikaa miezi mingi akimngoja Ruete amalize shughuli zake Unguja. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi wa Desemba. Tarehe 30 Mei, 1867, alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Safari ya kwenda Ulaya ikaanza, na mtoto yule akafa kabla hawajafika Ujerumani.

Katika mambo ya dini yake hukumu si ya mwandishi wa gazeti. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo vifuani. Itoshe kusema kwamba yeye mwenyewe alikiri baadaye kuwa ndani ya nafsi yake hakuwa Mkristo kamili wala Mjerumani kamili. Alikuwa amevunja daraja nyuma yake, na mbele hakuona nchi kavu.

MEZA YA HAMBURG

Wakakaa Hamburg, mtaa wa Uhlenhorst, katika nyumba nzuri iliyotazama maji. Mumewe alimpenda na alikuwa na uwezo. Lakini fikiria, ndugu msomaji, mwanamke wa miaka 22 aliyekulia kwenye mazulia, ambaye tangu kuzaliwa ametwaa chakula kwa mkono wa kulia baada ya bismillahi, sasa ameketi juu ya kiti kirefu, miguu inaning'inia, uma mkononi, akitazama sahani asiyoijua. Nyama ni ya mnyama gani? Mafuta haya yametoka wapi? Nchi ile ni ya viazi, kabeji iliyochachushwa, na nguruwe aliyetengenezwa kwa njia nyingi mpaka mgeni asimtambue. Mtu huweza kubadili jina lake kwa siku moja, lakini ulimi hauna ubatizo.

Kinyume kikubwa kilikuwa pale bandarini. Nyumba za biashara za Hamburg, kama O'Swald na Hansing, zilikuwa na ofisi zao Unguja, na karafuu za kwetu zilifika katika maghala ya mji ule. Wajerumani huzitia katika kabeji nyekundu, na huzisaga katika mikate ya viungo ya sikukuu ya Krismasi. Harufu ya utoto wake, basi, ilikuwako, tena pengine mtaa wa pili. Kilichokosekana ni watu wa kuila pamoja naye.

Hapa ipo tofauti ya kuzingatia. Kule Mtoni suria na bwana wake hawakukaa sufra moja, na mama yake alikula mbali na bwana wake mpaka kufa. Huku Hamburg, Salme aliketi na mumewe uso kwa uso, meza moja, asubuhi na jioni. Alichonyimwa mama alikipata binti. Lakini mama, akila peke yake na wenziwe, alizungukwa na kelele za lugha sita, na binti alikuwa na mtu mmoja tu duniani anayemwelewa.

Na huyo mmoja hakudumu. Mwezi wa Agosti, 1870, Ruete aliteleza akishuka kwenye gari la reli lililokokotwa na farasi, akaumia vibaya, akafa baada ya siku chache. Salme aliachwa na watoto watatu wadogo. Alikuwa amewapa majina mawili mawili, la kule na la kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Mkubwa alikuwa na miaka miwili, mdogo hata hajaanza kutambaa.

MJANE ASIYE NA KWAO

Umasikini ukabisha hodi. Sheria za Ujerumani wakati ule hazikumwamini mjane mgeni kuisimamia mali ya marehemu, na urithi wake wa Unguja ulikuwa umefungiwa kwa sababu ya kutoka kwake katika dini. Akahama mji hadi mji, kutoka Hamburg hadi Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko, akitafuta mahali pa kodi nafuu. Binti wa sultani, ambaye hakuwahi kuosha kikombe, alijifunza kuendesha nyumba kwa mikono yake, na kufundisha Kiarabu ili watoto wapate kula.

Katika miaka hiyo alianza kuandika. Barua zake ndefu, alizoziandika kana kwamba anamsimulia rafiki aliyeko nyumbani, zinaeleza upweke huo, baridi, na kushangaa kwake kwa mila za Ulaya. Hazikuchapishwa maisha yake yote. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993. Kitabu cha kumbukumbu zake ndicho kilichotangulia, kwa Kijerumani, mwaka 1886, na ndani yake amewaandikia watoto wake habari za nyumba wasiyoijua: mavazi, arusi, Ramadhani, sikukuu, maradhi, na vyakula. Wafalme wa pwani walituachia mikataba na mizinga. Ni mwanamke huyu aliyefukuzwa ndiye aliyetuachia habari ya kilichokuwa mezani. Lau si ile mifupa ya ngamia, tusingejua.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Majid alikufa mwaka ule ule wa 1870, na Barghash akakalia kiti. Mwaka 1875 Barghash alikwenda London, na Salme akasafiri kutoka Ujerumani ili amwangukie kaka yake. Waingereza wakamzuia. Bwana Bartle Frere alimwahidi kwamba watoto wake watasaidiwa kama ataacha kumwona Barghash, naye akakubali. Msaada haukuja.

Mwaka 1885 ilikuwa zamu ya Wajerumani kumtumia. Walipokuwa wakimlazimisha Barghash awaachie ardhi za bara, walimleta Salme pamoja na manowari zao mpaka bandari ya Unguja, na watoto wake watatu pamoja naye. Baada ya miaka 19 akakanyaga tena mchanga wa kwao. Watu wa mitaani walimsalimu kwa furaha, lakini Barghash hakumpokea. Hakutaka hata kumwona. Alikumbuka karani aliyemwacha mkono, na dini iliyoachwa, na zaidi ya hayo aliona mizinga ya wageni nyuma ya dada yake. Hapo kila mmoja ana upande wake wa haki, na ndiyo sababu habari hii inauma.

Alikwenda Mtoni. Nyumba ya watu elfu ilikuwa gofu. Paa zilianguka, ngazi hazikuwa za kupandwa, majani yaliota palipokuwa pa kukaa watu. Kelele zile za jikoni, harufu ya samli, vikapu vya matunda, sufra ndefu, vyote vilikuwa kimya. Mtu akifukuzwa nyumbani hujiliwaza kwamba nyumba ipo, siku moja atarudi. Salme aliona siku hiyo kwamba pa kurudi hapakuwapo.

Hata hivyo alijaribu mara ya pili, mwaka 1888, na mara hiyo pia akarudi mikono mitupu. Barghash alikuwa amekwisha kufa mwaka huo, na nafasi yake imeshikwa na ndugu mwingine, lakini milango ilibaki vile vile.

NUSU YA NJIA

Safari hii hakurudi Ujerumani moja kwa moja kukaa. Alikwenda Jaffa, na kuanzia mwaka 1892 akaishi Beirut, jumla ya miaka kama 25 katika nchi za Sham. Wanahistoria wanatoa sababu nyingi. Mimi, mtu wa pwani, naona moja inayotosha. Kule asubuhi kuliadhiniwa. Sokoni watu walinunua na kuuza kwa Kiarabu. Jikoni palikuwa na wali, kondoo, mtindi, mikate ya kumega kwa mkono, kahawa ya kunukia, na vitamu vya samli na sukari. Vyakula vya Kituruki na Kiarabu alivyovionja Mtoni, huko ndiko kwao. Hapakuwa Unguja, nazi hapakuwa na nazi wala muhogo, lakini ilikuwa nusu ya njia. Asiyeweza kufika kwao hukaa mahali ambapo upepo huleta harufu ya kwao.

Mwaka 1914 alirudi Ujerumani, na vita vikuu vikazuka. Akaishi kwa binti yake katika mji wa Jena. Katika miaka yake ya mwisho, wakati wa Sultani Khalifa bin Haroub, Zanzibar ilimkumbuka kwa kumpa posho ndogo. Mlango ulifunguka kidogo, naye hana tena nguvu ya kuuingia.

Tarehe 29 Februari, 1924, siku ambayo huja mara moja kila miaka minne, Sayyida Salme alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na ukoo wa mumewe. Inasimuliwa kwamba maisha yake yote alihifadhi mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, na mfuko huo ukaenda naye kaburini. Zanzibar, ilipofungua makumbusho katika jumba la wafalme mwaka 1994, ilimtengea chumba chake.

MWAKA WA RELI

Nikiwa hapa Eldoret nimeona kwamba mwaka ule ule wa 1924 ndio mwaka ambao reli ilifika mji huu. Kabla ya hapo palikuwa shamba namba 64, na Makaburu waliokuja mwaka 1908, na posta iliyofunguliwa mwaka 1910, na magari ya ng'ombe yakijikokota katika matope kutoka stesheni ya Londiani. Wanandi walikuwapo na ng'ombe wao na vibuyu vyao kabla ya hao wote. Reli ndiyo iliyofanya safari ya bahari na uwanda kuwa ya siku badala ya majuma. Mchele, chumvi, bizari na karafuu zikapanda mlima kwa gari la moshi, na watu wa pwani wakapanda pamoja navyo. Mwanamke mmoja wa Unguja alizikwa mbali na kila kitu cha kwao, na mwaka huo huo njia ikafunguka ya kuwaletea wengine vitu vya kwao.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nimelifikiri neno hilo kwa siku kadhaa huku baridini. Kwa Salme lina ukweli, kwani aliiacha asili yake, akaishi akitumikia njaa isiyoshibishwa. Lakini mpwa wangu hakuacha asili, alisafiri nayo. Ameichukua katika mbuzi yake ya kukunia nazi, ambayo imevuka Mtito Andei na Nakuru imefungwa ndani ya kanga. Nazi zampandia kwa lori kutoka Mombasa. Dini yake anayo, simu kwa mama yake anayo, na akitaka kurudi, nauli ni ya siku moja wala hakuna wa kumfungia mlango.

Nilimsimulia habari hii ya Salme jioni ile, tukiwa tumekaa karibu na jiko la makaa. Alinyamaza kitambo. Kisha akainuka, akachukua pilau iliyobaki, akaipasha moto, akagawa katika bakuli mbili, akamtuma mtoto kwa Mnandi na kwa Msomali. Bakuli la jirani halirudi tupu, hiyo ndiyo ada yetu, na nimeona kwamba ndiyo ada ya hawa pia. Mtoto aliporudi alikuwa na kibuyu kingine cha mursik. Mpwa wangu akamimina, akaketi, akanywa polepole mpaka kikombe kikaisha. Sikumwuliza kama ameshiba.